Karanga za Kongwa: pale kila kisingizio kilipokuwa kweli

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilichapisha waraka uliosema, kwa lugha ya ofisini, kwamba mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika umekoma, na fedha zilizozama humo, zaidi ya pauni milioni 36, zifutwe vitabuni. Mpango ulipotangazwa ulikadiriwa kugharimu pauni milioni 25 na kuleta tani 600,000 za karanga kwa mwaka. Karanga zilizoingizwa nchini kama mbegu zikawa nyingi kuliko zile zilizovunwa.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha mzungu na trekta lake, na kweli kinachekesha. Ila swali linalonisumbua si kwa nini karanga zilikataa. Mazao hukataa kila mwaka, mkulima yeyote wa Dodoma atakwambia. Ninachotaka kujua ni hiki: kufikia mavuno ya kwanza, katikati ya 1948, aliyesimama shambani Kongwa, karibu na Dodoma, ambako mpango ulianzia, na kuutazama udongo alikuwa na kila sababu ya kujua. Waraka ukatoka miaka miwili na nusu baadaye. Miaka hiyo miwili na nusu ilijazwa na nini?

Nilipoanza kusoma habari hizi nilitegemea kumkuta mwongo. Waziri fulani aliyeficha ripoti, meneja aliyepika takwimu. Sikumkuta, au niseme sikumkuta mwongo wa ukubwa unaotosha kueleza hasara ile. Nilichokuta ni visingizio, kimoja baada ya kingine, na karibu vyote vilikuwa vya kweli. Naamini hapo ndipo penye kiini cha kisa.

Nchi iliyoonekana tupu

Uingereza ilitoka vitani mshindi asiye na mafuta ya kupikia. Siagi, majarini na mafuta ya kula vilikuwa vya mgawo, na serikali ya chama cha Labour, iliyoingia madarakani 1945, ilikuwa imewaahidi watu wake maisha mapya. Machi 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipita Tanganyika kwa ndege akaona nchi pana isiyo na watu. Mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika alikuwa ameshapendekeza kilimo cha karanga. Samuel akalikuza wazo mara nyingi na kulipeleka wizara ya chakula, London.

Kutoka angani Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, ni tupu, kama bahari ilivyo tupu kwa asiyevua.

Wizara ilituma wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walikaa Afrika Mashariki wiki tisa, kati ya Juni na Septemba 1946, wakiruka maelfu ya maili kwa ndege. Juni hadi Septemba ni kiangazi Dodoma. Timu iliyopaswa kusema kama mvua ya Kongwa inatosha karanga iliondoka bila kuiona hata siku moja ya masika.

Ripoti yao ikawa mpango: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Themanini kati ya hayo yangekuwa Tanganyika, yaliyobaki Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na Kenya. Kongwa ingeanza, Urambo na Nachingwea zingefuata. Shamba la majaribio halikuwepo. Hoja ya kuliruka ilikuwa nyepesi kueleweka: jaribio lingechukua misimu miwili au mitatu, na watu wa Uingereza walihitaji mafuta sasa. Ukiisoma leo unaona haraka ya kijinga. Ungeisoma 1946 ukiwa na kadi ya mgawo mfukoni, nadhani ungeisaini.

Hapa niseme jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Kuruka jaribio hakukuongeza tu hatari ya kukosea, kuliondoa pia mahali pa kukosea. Shamba la ekari mia tano likifa, mtu huandika barua: haikufaa, tujaribu kwingine. Haihitaji ushujaa. Ekari milioni tatu zilizotangazwa bungeni hazina barua ya namna hiyo. Ugumu wa kukiri ulipandwa siku hiyo, kabla ya mbegu yoyote.

Mwaka wa matingatinga

Mwanzoni mwa 1947 watu wa kwanza walifika Kongwa. Tangazo la kazi lilikuwa limeitikiwa na waombaji wapatao 100,000 Uingereza, wengi wao askari waliotoka vitani, kwa nafasi kama 1,200. Waliitwa jeshi la karanga, na hawakulichukia jina.

Lengo la mwaka lilikuwa ekari 150,000. Mwaka ulipokwisha zilikuwa zimefyekwa kama 7,500.

Sasa sikiliza sababu, maana kila moja ina ushahidi wake. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa inajenga upya, hivyo yalinunuliwa mabaki ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino, na yalifika yamechakaa. Kabla mwaka haujaisha theluthi mbili ya matrekta yalikuwa hayatembei. Vipuri havikuwepo. Mafundi wenye uzoefu hawakuwepo. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa ndogo kwa mizigo ile. Reli ya Kati ni njia moja, na mto Kinyasungwe, ambao kwa miezi mingi unauvuka bila kuvua viatu, ulifurika ukaichukua. Vichaka vya Ugogo vilisukwa kwa mizizi iliyoshikana chini kwa chini, tingatinga linakata shina, mzizi unabaki. Mibuyu ilikaa imara na mingine ilikuwa na mizinga ya nyuki, na nyuki wakafanya kazi yao. Kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya vita kuwa matrekta, navyo vikashindwa. Mwishoni mwa mwaka wafanyakazi wa Kiafrika waligoma, miezi michache baada ya mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, kwa sababu mshahara haukulingana na bei ya chakula.

Hakuna uongo hata mmoja katika orodha hiyo. Ungekuwa meneja wa Kongwa mwisho wa 1947 ungeweza kuweka mkono juu ya Biblia na kuapa kwamba umechelewa kwa sababu ya vipuri. Na vipuri, ukiwa na pesa na subira, hupatikana.

Ndiyo maana kisingizio cha kweli ni kibaya kuliko cha uongo. Cha uongo hukaguliwa kikaanguka. Cha kweli hukaguliwa kikathibitika, na mkaguzi akienda zake anaacha nyuma imani kwamba tatizo limeshajulikana. Kila kizuizi Kongwa kilikuwa na dawa yake, na kila dawa ilipopatikana ilionekana kama hatua mbele. Mnyororo wa nanga za meli ulivutwa kati ya matingatinga mawili, ukaangusha pori kwa kasi ambayo mashine peke yake haikuiweza. Watu wakashangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia. Ila mnyororo huo ulikuwa unajibu swali la jinsi ya kufyeka. Swali la kama ardhi ile yafaa kufyekwa lilikuwa bado liko kwenye foleni, nyuma ya vipuri, nyuma ya reli, nyuma ya nyuki.

Udongo

Karanga ina tabia ya ajabu kidogo kwa asiyeilima. Ua huchanua juu, kisha kikonyo chake hushuka na kujichomeka ardhini, na tunda hukua humo gizani. Kwa hiyo karanga inahitaji udongo laini mara mbili: kikonyo kipate kuingia, na mvunaji apate kung'oa.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi. Ukilowa unalimika. Mvua ikikatika na jua la Dodoma likipiga, hukaza kama sakafu. Juu ya hapo una mchanga mkali unaosaga chuma, na meno ya majembe yaliisha haraka kuliko yalivyoweza kuletwa. Msimu wa kwanza ulipofika mwisho, karanga zilizokuwa zimezaa zilikuwa zimefungwa ndani ya matofali. Mashine za kuvunia zilipita juu. Msimu wa pili ukame ukaja, na alizeti, iliyopandwa kama zao la kuokoa jahazi, ikaungua pia. Baada ya miaka miwili ya kazi mavuno ya karanga yalikuwa kama tani 2,000.

Je, hili lingejulikana mapema? Sitaki kuwapamba Wagogo wala kusema walikuwa na hekima iliyofichwa ambayo mzungu aliidharau. Hakuna Mgogo aliyewahi kulima ekari 30,000 za karanga, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na jibu kamili. Ila namna walivyoishi ilikuwa ripoti tosha. Walilima mtama na uwele, nafaka zinazovumilia kiu. Mali yao waliiweka kwenye ng'ombe, na ng'ombe wale hawakuwekwa zizi moja, walikopeshwa kwa ndugu na marafiki sehemu mbalimbali ili ukame wa upande mmoja usimalize wote. Na njaa zao zilikuwa na majina. Ile ya mwisho wa Vita vya Kwanza, Mtunya, iliyoua watu wengi mno Ugogo, ilikuwa na miaka chini ya thelathini tu wakati Samuel anapita juu kwa ndege. Wazee walioipitia walikuwepo hai pale pale Kongwa. Nchi ambayo watu wake huzipa njaa majina kama watu wengine wanavyozipa barabara si nchi ya kuingia bila kuuliza.

Na serikali ya kikoloni yenyewe iliyajua hayo, maana maofisa wake ndio walioshughulika na chakula cha njaa Ugogo. Maarifa yalikuwa ndani ya nyumba. Yalikuwa chumba kingine tu.

Tukifika wapi tutasema basi?

Mpango wenye afya una mstari uliochorwa mapema: tukifika hapa bila hiki, tunaacha. Kongwa mstari huo haukuwepo. Kilichokuwepo ni kipimo, na kipimo kilikuwa ekari.

Ekari zilizofyekwa zinahesabika kila jioni, zinapigika picha, na huongezeka hata mwaka wa ukame. Ripoti za kila mwezi kwenda London zilijaa ekari, saa za mashine, tani za mizigo. Kilo za karanga hupatikana mara moja kwa mwaka, na habari yake ni mbaya. Taasisi ikichagua kupimwa kwa kile inachokiweza, haijidanganyi waziwazi. Inapata tu habari njema mara kumi na mbili kwa mwaka na habari mbaya mara moja.

Kisha kuna kupunguza lengo. Mwaka 1949 ekari milioni tatu na ushee zilishuka kuwa 600,000, zikamilike 1954. Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza nilidhani huku ndiko kukiri. Sivyo. Kupunguza lengo kulisema: mpango ni sahihi, ulikuwa mkubwa tu. Ukubwa ukachukua lawama ya ardhi. Vivyo hivyo na Nachingwea, kusini, ambako mvua ni nzuri zaidi na udongo una huruma kuliko wa Kongwa. Kila Kongwa ilipovunja moyo, Nachingwea ilitajwa. Haikuwa na bandari, haikuwa na reli, na msitu wake ulikuwa mzito, lakini kutokuwa na rekodi kulikuwa sifa yake kubwa. Mahali pasipo mavuno hapajashindwa bado.

Lugha ya vita nayo ilitia mkono wake. Waliokuwa pale walikuwa askari, meneja mkuu alikuwa jenerali, na kila kitu kilisemwa kwa maneno ya mapambano. Askari hafundishwi kusema eneo hili halishikiki, hufundishwa kuomba nguvu zaidi. Mibuyu ikawa adui, nyuki wakawa adui, mvua ikawa adui. Lakini adui hushindwa. Ardhi isiyofaa haishindwi, huachwa, na kwa kuacha hakuna nishani.

Tuna methali inayosema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimewahi kuisikia ikitumiwa vizuri, kumtia moyo aliyeanza chuo uzeeni. Nimeisikia pia ikitumiwa na kamati za ujenzi zilizochimba kisima mahali pasipo maji, zikaendelea kuchimba kwa kuwa pesa zimeshaingia. Kongwa iliogwa kwa methali hiyo, ingawa hakuna aliyeijua. Pauni milioni kumi zikishazama, kusimama ni kukubali kwamba milioni kumi zimepotea. Kuendelea ni kusema zimewekezwa. Tofauti ni ya neno moja, na watu hulipa milioni nyingine ishirini na sita kulinunua neno hilo.

Waziri, bodi na wahasibu

John Strachey, waziri wa chakula tangu Mei 1946, ndiye anayebebeshwa mzigo katika masimulizi mengi. Namtetea kidogo. Hakulibuni wazo, alilikuta mezani. Alikuwa msomi wa mrengo wa kushoto aliyeamini kwa dhati kwamba mipango ya dola inaweza kulisha watu pale soko lisipoweza, na karanga za Tanganyika zilikuwa ushahidi wake mbele ya dunia. Mtu wa namna hiyo akiambiwa udongo ni mgumu, hasikii habari ya udongo. Anasikia kwamba kila alichokiandika kwa miaka ishirini kina walakini.

Wapinzani bungeni na magazeti yaliyowaunga mkono walimrahisishia kukataa. Hili lina uchungu wake. Walichokuwa wakikisema kilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, lakini walikisema ili kuiangusha serikali, na serikali ikakipokea kama kilivyokusudiwa. Kila ukweli kuhusu Kongwa ulikuwa na kura ndani yake. Novemba 1949 walidai uchunguzi, na serikali, yenye wabunge wengi, ikakataa. Mkosoaji akiwa adui, kumsikiliza ni kusaliti upande wako, hata kama anasema nyumba inaungua na moshi unauona.

Mwezi huohuo wajumbe wawili wa bodi ya shirika lililoendesha mpango waliondolewa. Mmoja wao alikuwa Wakefield, mwandishi wa ripoti ya 1946. Kuondoa watu ni namna ya kukiri ambayo haigusi jambo lenyewe. Kuna kosa, ndiyo, na kosa hilo lina jina la mtu, na mtu huyo ameondoka, kwa hiyo kosa limeondoka naye. Mwenyekiti wa bodi, Leslie Plummer, alibaki mpaka mwaka uliofuata, na karanga zikaendelea kupandwa pale pale.

Lakini kwangu mimi kipande chenye kueleza zaidi ni cha wahasibu. Walipokagua hesabu za shirika za mwaka 1948/49 walikataa kuzipitisha bila kasoro: vitabu havikutunzwa inavyotakiwa. Wengi waliusoma huo kama uzembe, na ulikuwa uzembe. Fikiria hata hivyo maana yake. Shirika lililokuwa likitumia mamilioni halikuweza kusema ni kiasi gani kimekwenda wapi. Tunazungumza juu ya taasisi kukataa kukiri tatizo kana kwamba tatizo liko mezani, limefunikwa kitambaa. Mara nyingi meza yenyewe haipo. Ukiwa huna hesabu huwezi kuona aibu ya hesabu, na kwa mtu mwenye hofu, kutokuwa na hesabu ni faraja. Sidhani kuna aliyepanga iwe hivyo. Ila sioni pia aliyekuwa na haraka ya kurekebisha.

Mwenye kazi ya kuusifu mpango, mkuu wa habari wa shirika, Alan Wood, aliishia kujiuzulu na mwaka 1950 akachapisha kitabu kueleza kilichoharibika. Alikuwa na vyeo vya chini kuliko wote niliowataja na ndiye aliyesema mapema. Sijui kama hizo ni sifa mbili au moja.

Midomo ilipobadilika

Februari 1950 ulifanyika uchaguzi. Labour ilirudi ikiwa na wingi mdogo mno. Strachey akahamishiwa wizara ya vita, na wizara ya chakula akapewa Maurice Webb. Chini ya mwaka mmoja baadaye ukatoka ule waraka wa Januari 1951.

Udongo haukubadilika kati ya Februari na Januari. Takwimu mpya za kushtua hazikupatikana. Aliyebadilika ni mtu mwenye kusaini. Webb hakuwa ameahidi tani 600,000, hakuwa amesimama bungeni miaka mitatu akitetea matrekta. Kwake, kufuta ilikuwa kusafisha nyumba aliyoikuta chafu. Ni chama kilekile na serikali ileile, ila mdomo mwingine. Wale wanaosema taasisi hukiri pale ushahidi unapozidi wana kazi ya kueleza kwa nini ushahidi ulingoja mabadiliko ya baraza la mawaziri.

Na hata hapo, soma neno walilotumia kufunga. Mpango haukuitwa kosa. Ulisemwa utaendelea kwa udogo kama jaribio, la kutafuta namna bora ya kufyeka na kulima kwa mashine nchi za joto. Baadaye mabaki yake yalikabidhiwa Shirika la Kilimo la Tanganyika. Jaribio! Lile lililorukwa 1946 kwa kukosa muda likapatikana 1951, baada ya pauni milioni 36, na likawa jina la heshima la kuzikia.

Isidhaniwe kwamba ninawachapa Waingereza kwa kuwa wako mbali. Sisi wenyewe, mwaka 1972, serikali za mitaa zilivunjwa Tanzania, na 1976 vyama vya ushirika vikafuata. Mwalimu Nyerere, mtu aliyejulikana kwa kuyataja makosa yake hadharani kuliko viongozi wengi wa zama zake, alikuja kusema kwamba yote mawili yalikuwa makosa. Alisema hivyo 1984, mwaka mmoja kabla ya kung'atuka, na sheria za kuvirudisha vyombo hivyo zilikuwa zimeshapitishwa 1982. Yaani dawa ilinywewa kwanza, ugonjwa ukatajwa baadaye. Nadhani huo ndio mwendo wa kawaida hata kwa mtu mnyofu: tunarekebisha kimya kimya, kisha siku moja, tukiwa salama, tunasema tulikosea. Mtu akingoja maneno ndipo aamini kwamba mabadiliko yameanza, atangoja sana. Na akiyaona mabadiliko bila maneno asidhani wenyewe hawajui.

Narudi kwa wale waliokuwa chini kabisa, waliofyeka kwa shoka pale mashine ziliposhindwa. Nimesoma habari za mpango huu kwa muda, na kila mara nakuta wameandikwa kama nguvu kazi: idadi yao, mgomo wao, posho zao. Mgomo wa 1947 ulichukuliwa kuwa tatizo la mishahara, na lilikuwa hilo. Lakini mgomo ni mkutano wa watu wanaoifahamu kazi. Hakuna mahali nilipokuta kwamba mtu mmoja aliketi nao baada ya mambo kutulia akauliza: na ardhi yenyewe, mnaionaje? Swali hilo lingegharimu chai.

Kongwa haikufa. Vichaka vilirudi kwa sehemu, sehemu nyingine ikawa malisho, na ranchi ya ng'ombe ipo mpaka leo, jambo ambalo lisingemshangaza Mgogo yeyote wa 1946. Katikati ya miaka ya 1960 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo, walipewa kambi pale pale.

Kusini ilibaki reli. Ilijengwa kuunganisha Nachingwea na bahari, kwa ajili ya karanga, na bandari yenye kina kirefu ikajengwa Mtwara iupokee mzigo. Sehemu ya reli ya kufika Mtwara ilikamilika mpango wenyewe ukiwa umeshafutwa, kwa kuwa kazi ilikuwa imeanza. Treni zikatembea miaka michache zikiwa na mzigo kidogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ikafungwa, mataruma yakang'olewa. Bandari haikuweza kung'olewa. Msimu wa korosho ukifika, meli hutia nanga pale.